Raia

Neno raia tulilipata katika Kiarabu, ambamo shina lake ni lile la kuchunga, na maana yake ya asili ni kundi lililo chini ya mchungaji. Na hapa Somanga, ambapo mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi, baada ya kung'oa pamba kule Nandete, waliteremka wakaharibu pamba ya pwani na duka la biashara, maana hiyo ya kale ilikuwa imewaelemea watu, kwa kuwa Mdachi alihukumu, akida akamkusanyia kodi, na Mmatumbi akachungwa kwa kiboko. Uasi huo ukawa Vita vya Majimaji, vilivyokwisha 1907 vikaacha njaa kuu na shaka baina ya watu wa milimani na wa pwani.

Maana mpya ilipiganiwa bungeni Oktoba 1961, baadhi ya wajumbe walipotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Mwafrika peke yake, naye Nyerere akakataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuifanya rangi ya ngozi kuwa kipimo badala ya utiifu kwa nchi. Alisema haki. Basi, msomaji, usimwite jirani yako mgeni kwa sababu ya nasaba yake, ilhali sheria imemwita raia.