Masomo ya Uzamili na Uongozi wa Shule Dar es Salaam

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtu aliyekabidhiwa shule aiongoze katika Tanganyika, na baadaye Tanzania Bara, hakuwa amefundishwa kazi hiyo mahali popote. Mwalimu mkuu, kama anavyoitwa kiongozi wa shule ya msingi, na mkuu wa shule, ambaye ni kiongozi wa sekondari, wote waliteuliwa miongoni mwa walimu waliokaa kazini muda mrefu na kusifika kwa nidhamu na ufundishaji, ikidhaniwa kwamba aliyelimudu darasa ataimudu na shule nzima. Dhana hiyo ilivumilika shule zilipokuwa chache, lakini ilianza kupwaya baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na zaidi mwaka 1977 azimio hilo lilipotekelezwa nchi nzima, kwa kuwa kila shule mpya ilihitaji mtu wa kutunza stoo na hesabu, kupanga ratiba, kusuluhisha ugomvi wa walimu na kusikilizana na wazazi.

Jibu la kwanza la serikali lilitokea Bagamoyo, katika chuo cha MANTEP kilichoanzishwa kutoa mafunzo ya uongozi kwa watumishi wa elimu, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, yaani ADEM. Mafunzo yake ni ya kozi fupi, astashahada na stashahada, na yanalenga utendaji: namna ya kuandaa bajeti, kuendesha kikao, kumpima mwalimu kazini. Shahada ya uzamili, ambayo ni shahada ya pili inayomtaka mwanafunzi afanye utafiti wake mwenyewe na kuuandikia tasnifu, ilifuata njia nyingine, na historia yake imefungamana na jiji la Dar es Salaam.

Njia hiyo ilianzia Mlimani, sehemu ambayo leo imo katika Wilaya ya Ubungo lakini ilikuwa ndani ya Kinondoni hadi mgawanyo wa miaka ya 2015 na 2016. Idara ya Elimu ilifunguliwa huko mwaka 1964, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuandaa walimu wa sekondari. Masomo ya uzamili yalikuja baadaye, na kwa muda mrefu yalimtaka mwanafunzi aache kituo chake cha kazi ili asome kutwa. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro kubwa, kwa sababu mwalimu aliyeondoka shuleni kwenda kusomea uongozi alikuwa na milango mingi ya kutokurudi: vyuo vya ualimu vilimhitaji, ukaguzi wa shule ulimhitaji, na wizara ilimhitaji. Elimu iliyokusudiwa kuinufaisha shule ikawa ngazi ya kutokea shuleni.

Mabadiliko yaliletwa na Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 iliyounda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichozinduliwa Januari 1994 chini ya Mkuu wake wa kwanza, John Malecela, na Makamu Mkuu wa Chuo, Geoffrey Mmari. Makao yake yapo Kinondoni, kando ya Barabara ya Kawawa, na utaratibu wake ni wa elimu masafa, ambapo mwanafunzi hujisomea akiwa nyumbani au kazini, kisha hukutana na wahadhiri kwa vipindi vichache na kufanyia mitihani kituoni. Chuo hiki kilipoanzisha shahada ya uzamili ya elimu katika utawala, mipango na sera, mwalimu wa Mbagala au Tandika aliweza kuisoma bila kuliacha darasa lake. Mlimani nako kukawa na shahada ya usimamizi na utawala wa elimu, ambayo walimu wengi huitaja kwa kifupi tu, MEMA. Mwaka 2005, katika majengo ya kilichokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe wilayani Temeke, kilianza Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kikaongeza idadi ya walimu wenye shahada ya kwanza, ambao ndio wanaoweza kuendelea hadi ya pili.

Haikuwa bahati kwamba masomo haya yalipata wanafunzi katika miaka hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikwisha kutamka kwamba wasimamizi wa elimu, hadi ngazi ya shule, wawe na mafunzo ya usimamizi na utawala. Kisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002 baada ya kufutwa kwa ada, uliingiza katika akaunti za shule ruzuku, yaani fedha zinazotolewa kwa kuhesabu wanafunzi, na kuzipa kamati za shule mamlaka ya kuzisimamia. Mwalimu mkuu ambaye jana alikuwa akifundisha hesabu za darasa la sita akawa mtia saini wa hundi, msimamizi wa mafundi na mjibu hoja wa wakaguzi wa fedha. Mpango kama huo kwa sekondari, MMES, ulifuata 2004, na ndani ya miaka michache shule za kata zilienea hadi pembezoni mwa jiji, ambako walimu wenye umri mdogo na uzoefu haba walijikuta wakiitwa wakuu wa shule. Watu hao hawakusukumwa na waraka kwenda kujiandikisha. Kazi yenyewe iliwaonyesha wasichokijua.

Tasnifu walizoandika ni hazina ambayo bado haijathaminiwa ipasavyo, na anayetaka kuandika historia ya shule za jiji hili afadhali aanzie humo. Nyingi zinataja katika jina lake Manispaa ya Kinondoni au ya Temeke, kwa sababu mtafiti mwenye vipindi vya kufundisha huchunguza kilicho karibu: shule za zamu ya asubuhi na mchana, matumizi ya ruzuku, ari ya walimu, wanawake katika uongozi, uhusiano wa mkuu na bodi ya shule. Mwishoni, katika viambatisho, huonekana msururu wa barua za kibali: ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ya mkoa kwenda wilayani, ya wilaya kwenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa, na ya manispaa kwenda kwa wakuu wa shule, kila moja na muhuri wake. Mwalimu aliyezifuatilia barua hizo ofisi hadi ofisi alijifunza muundo wa serikali unaoitawala shule yake kwa namna ambayo hakuna mhadhara ungemfundisha.

Hata hivyo shahada hii haijawahi kufanywa sharti la kuongoza shule ya serikali. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, husimamia ajira na maadili ya walimu wote, mwenye uzamili na asiye nao. Na serikali ilipoanza mwaka 2016 kutoa posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu na 250,000 kwa mkuu wa shule, malipo hayo yalifuata cheo, si elimu ya aliyekishika. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa kawaida huweza kulipa karo kutoka mfukoni mwake, akasoma usiku kwa miaka miwili au zaidi, akahitimu, kisha akarudi darasani chini ya kiongozi asiyepata mafunzo hayo. Ni upotevu mkubwa kwa shule za Chamazi na Bunju, zenye watoto wengi kuliko madawati, kwamba maarifa yaliyonunuliwa kwa gharama hiyo yanakaa katika chumba cha walimu huku ofisi ya mkuu, hatua chache tu kutoka hapo, ikiyahitaji.