Ndugu wawili wa Oduya: mabeki wa barafuni wenye asili ya Kenya

Siku anga likiwa jeupe, ukisimama Mtae au Mambo unauona Kilimanjaro kwa mbali, na kwa wengi wetu wa Usambara hiyo ndiyo barafu pekee tunayoijua nje ya jokofu. Baridi tunayo. Wajerumani walipanda milima hii kukimbia joto la pwani, wakaijenga Lushoto na kuiita Wilhelmstal, na mpaka leo mwezi wa saba ukungu ukishuka kutoka Magamba watu hawatoki bila makoti. Ila baridi yetu haigandishi bwawa mtu akasimama juu yake. Ndiyo maana habari za hoki ya barafu hutupita, wakati humo ndani imo familia ambayo sisi wa Afrika Mashariki tulipaswa kuwa tunaisimulia zamani: akina Oduya wa Stockholm, baba Mkenya, mama Mswidi, na watoto wawili wa kiume ambao wote wawili walikuwa mabeki wa kulipwa.

Mpira wa magongo wa kawaida si mgeni kwetu, maana Tanzania ilipeleka timu ya wanaume hadi Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Huu wa barafuni ni mchezo mwingine kabisa. Mechi ya kwanza ya ndani ya jengo ilichezwa Montreal, Kanada, Machi 3, 1875, na ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ikaundwa katika mji huohuo mwaka 1917. Kiwanja chake kina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, nacho kimezungushiwa ukuta unaomfika mtu kiunoni na vioo juu yake. Kila timu inaingiza watu sita pamoja na kipa. Badala ya mpira wa duara kuna kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Kikipigwa na mtu anayejua kupiga, kinapita kwa mwendo unaozidi kilomita 150 kwa saa.

Sasa mfikirie beki. Kisahani kimetupwa kwenye kona ya nyuma yake. Anageuka, anakikimbilia, mgongo wake uko wazi, na nyuma anasikia vyuma vya viatu vikiikwaruza barafu, vya mtu mwenye kilo 90 na zaidi ambaye hana nia ya kupunguza mwendo. Sheria inamruhusu mtu huyo kumpiga kumbo mwenye kisahani. Beki ana sekunde moja ya kuchagua: akitoe kwanza ndipo apigwe, au akilinde kwa mwili na kupigwa akiwa nacho. Vyovyote iwavyo atapigwa. Dakika moja baadaye mshambuliaji anainua gongo kufyatua shuti, na beki yuleyule anapiga goti mbele yake ili kisahani kimpige yeye kabla hakijamfikia kipa. Akimaliza anakwenda benchi, anapumua, anarudi. Zamu moja huwa ya sekunde 40 au 50, kisha unabadilishwa mchezo ukiendelea.

Mashabiki wetu wa Simba na Yanga wana jina la mtu wa namna hiyo: beki kisiki. Katika hoki jina hilo limebeba kazi mbili tofauti, na ndugu hawa wawili waligawana, kila mmoja na yake.

Fredrik Oduya ndiye mkubwa. Alizaliwa mwaka 1975, akavuka bahari akiwa kijana kwenda kucheza katika ligi ya vijana ya Ontario, Kanada, na mwaka 1993 klabu ya San Jose Sharks ya California ikamchagua nafasi ya 154 katika zamu ambazo klabu za NHL hugawana vijana. Ulikuwa wakati ambao kila timu ya Amerika Kaskazini iliweka mtu wa ngumi. Ngumi zenyewe zina kanuni zake katika mchezo ule: wawili wakitupa glavu chini na kushikana mashati, refa anawaacha mpaka mmoja aanguke, kisha kila mmoja anakaa nje dakika 5. Mtu wa ngumi alikuwa na kazi inayoeleweka. Mpinzani akimuumiza mfungaji wenu, yeye ndiye anayekwenda kudai. Alifunga mara chache, alicheza dakika chache, na mashabiki walimpenda kuliko wafungaji.

Fredrik alikuwa beki wa mtindo huo, mwenye mwili mkubwa na mikono isiyoogopa. San Jose walimweka katika timu yao ya daraja la pili, Kentucky Thoroughblades, iliyokuwa na makao Lexington. Hakuwahi kupata hata mechi moja ya NHL. Watu wa mchezo huo wanajua maana ya maisha ya daraja la pili: safari ndefu za basi, mshahara ambao haukaribii ule wa ligi kuu, na kila usiku kijana mwingine mwenye njaa ileile amesimama mbele yako anataka nafasi yako. Mwanamume mwenye baba Mkenya, katika mchezo ambao Weusi walihesabika kwa vidole, alisimama katika nafasi ngumu kuliko zote barafuni. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kumpa sehemu katika historia ya michezo ya watu wetu, hata kama hakuna kombe alilobeba.

Mdogo wake, Johnny, alizaliwa Oktoba 1, 1981. Alikulia katika mchezo huohuo Stockholm, na mwaka 2000 naye akavuka kwenda Kanada, katika ligi ya vijana ya Quebec. Njia ilikuwa ileile ambayo kaka yake alishaikanyaga. Washington Capitals walimchagua mwaka 2001, nafasi ya 221, namba ya mtu ambaye klabu haitegemei kumwona tena. Kweli hakuwachezea. Alirudi nyumbani, akacheza Hammarby, kisha Djurgården, kisha Frölunda ya Göteborg, na miaka ikawa inapita.

Kilichombadilishia bahati kilitokea mezani. Mwaka 2004 wenye klabu za NHL na wachezaji walishindwa kuelewana juu ya mishahara, na msimu wote wa 2004-05 ukafutwa. Ligi iliporudi mwaka 2005 ilirudi na sheria zilizokazwa. Kumshika mtu, kumzuia asiye na kisahani, kumvuta kwa gongo, mambo ambayo marefa walikuwa wakiyafumbia macho, sasa yalimtoa mtu nje dakika 2. Pasi ndefu zilizokatazwa zikaruhusiwa. Kwa miezi michache tu beki mzito aliyekuwa akiishi kwa kung'ang'ania watu alijikuta hana kazi, na yule mwenye miguu mepesi, anayesoma mchezo na kufika kabla ya mwenzake, akawa anatafutwa. Johnny alikuwa na miguu hiyo.

New Jersey Devils walimchukua mwaka 2006, akiwa anatimiza miaka 25. Ilikuwa shule nzuri kwa beki, klabu iliyosifika kwa ulinzi, na golini akiwa Martin Brodeur, mmoja wa makipa wakubwa wa historia. Johnny alitulia pale zaidi ya misimu mitatu. Kisha Februari 2010 New Jersey wakamtaka mfungaji wa Kirusi, Ilya Kovalchuk, na Oduya akawa sehemu ya malipo waliyopeleka Atlanta. Mwaka 2011 klabu ya Atlanta ikauzwa na kuhamia Winnipeg, Kanada, naye akahama nayo.

Akiwa Winnipeg, Novemba 2011, Fredrik alifariki dunia katika ajali ya pikipiki. Alikuwa na miaka 36.

Mwaka huohuo wa 2011 uliiumiza hoki yote. Mwezi Mei alifariki Derek Boogaard, mpiga ngumi maarufu kuliko wote wa kizazi chake, akiwa na miaka 28. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipochunguza ubongo wake walikuta ugonjwa unaotokana na kupigwa kichwani mara kwa mara, ule uliokuwa ukionekana kwa mabondia wazee. Majira yaleyale ya kiangazi wapiga ngumi wengine wawili, Rick Rypien na Wade Belak, nao walifariki. Tangu 2010 ligi ilikuwa imeshakataza kumbo la kushtukiza linalolenga kichwa, na baada ya vifo hivyo klabu moja baada ya nyingine ikaacha kuweka mtu ambaye kazi yake ni ngumi peke yake. Kazi iliyomlisha Fredrik ilikuwa inakufa, na baadhi ya walioifanya walikufa kabla yake. Nasema hivyo bila kuwadharau walioifanya. Waliifanya kwa sababu ndiyo mlango uliokuwa wazi kwao.

Februari 2012 Winnipeg wakamwachia Johnny kwenda Chicago Blackhawks. Hapo ndipo alipofika mahali pake. Kocha Joel Quenneville alimpanga na Mswidi mwenzake, Niklas Hjalmarsson, na wawili hao wakapewa kazi isiyoonekana: kila usiku wakutane na washambuliaji hatari zaidi wa upande wa pili, ili mabeki wenzao, Duncan Keith na Brent Seabrook, wapate nafasi ya kupanda mbele. Ukitafuta magoli ya Oduya utachoka. Thamani yake ilikuwa katika mambo ambayo hayakutokea: pasi ambayo haikufika, shuti ambalo halikupita.

Ila usiku mmoja jambo lilitokea. Juni 24, 2013, mjini Boston, mchezo wa sita wa fainali ya NHL. Huku kwetu ilikuwa imeshaingia alfajiri ya Juni 25, saa ambayo Lushoto watu wanaamka kwenda shambani. Chicago wako nyuma 2 kwa 1 na imebaki dakika moja na nukta. Bryan Bickell anasawazisha. Kila mtu anajiandaa kwa muda wa nyongeza. Kisahani kinawekwa kati, kinasukumwa tena hadi mbele, na Oduya anakipata upande wa kushoto, mbali na goli. Anapiga. Kinaguswa njiani, kinagonga mlingoti, kinamwangukia Dave Bolland, ambaye anakisukuma wavuni. Magoli mawili ndani ya sekunde 17, na Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, limepatikana kwa 3 kwa 2. Beki aliyeishi kwa kuzuia mashuti ya wengine alipiga moja lake wakati ambao lilihitajika kuliko yote.

Februari 2014 alikuwa katika timu ya taifa ya Uswidi kwenye Olimpiki ya Sochi, ikafika fainali, ikafungwa na Kanada 3 kwa 0. Medali ya fedha. Lakini mimi ningemwonyesha mtu msimu wa 2015 kuliko medali hiyo, kwa sababu hapo ndipo mwili wa beki ulipopimwa hasa. Katika raundi ya pili ya mtoano Chicago walimpoteza Michal Rozsival aliyevunjika kifundo cha mguu. Kwa kawaida timu hupokezana mabeki sita. Quenneville hakuwaamini waliobaki, akauegemeza mzigo kwa wanne: Keith, Seabrook, Hjalmarsson na Oduya.

Mei 19, kule Anaheim, mechi iligoma kuisha. Dakika 60 zikapita, kipindi cha nyongeza kikapita, cha pili kikapita, na katika cha tatu Marcus Krüger wa Chicago akafunga. Zilikuwa zimechezwa dakika 116 na sekunde 12, mechi ndefu kuliko zote katika historia ya Chicago. Wanne wale ndio walioibeba nyuma, usiku kucha, wakipiga magoti mbele ya mashuti. Juni 15, wakiwa nyumbani, Blackhawks wakaifunga Tampa Bay 2 kwa 0 na kubeba kombe, mara ya kwanza kulichukua mbele ya mashabiki wao tangu 1938. Tuzo ya mchezaji bora wa mtoano alipewa Keith, na ilikuwa haki yake. Bado naamini aliyetazama mtoano ule kwa makini anajua hesabu ingeishia wapi bila wale wengine watatu.

Baadaye akaenda Dallas, akarudi Chicago kwa muda mfupi, akapita Ottawa, akamalizia Philadelphia katika msimu wa 2017-18. Alikuwa amecheza zaidi ya mechi 800 za ligi kuu, idadi ambayo si wengi waliochaguliwa nafasi za 200 na kitu wanaoweza kuifikia.

Agosti ya 2018, miezi michache baada ya Johnny kutoka ligini, vijana wa Kenya waliingia barafuni Kanada. Walikuwa Ice Lions wa Nairobi, timu iliyozaliwa katika uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005. Ni kiwanja kidogo kuliko kile rasmi, na kwa miaka hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo, ikawabidi wajigawe wenyewe kwa wenyewe. Nahodha wao alikuwa Benard Azegere. Kule Kanada walivaa viatu na vifaa vipya, na katika chumba cha kubadilishia nguo wakawakuta Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wa ligi kuu, wamevaa jezi za Kenya tayari kucheza upande wao. Mwaka 2024 shirikisho la dunia la mchezo huo likaipokea Kenya kuwa mwanachama.

Vijana hao wakitafuta mtu wa kwao wa kumtazama, watampata Johnny kwa urahisi. Kombe la Stanley huchongwa majina ya washindi wote, na la Oduya lipo mara mbili, kwa 2013 na kwa 2015. Fredrik hayupo kwenye kombe. Yupo katika orodha ya San Jose ya mwaka 1993, nafasi ya 154, na kwa jina la Oduya yeye ndiye wa kwanza, miaka minane kabla ya mdogo wake.