Alama za SAT: Mtahiniwa Alikuwa wa Mwisho Kujua

Tarehe 23 Juni 1926, watahiniwa 8,040 walifanya kwa mara ya kwanza SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo nchini Marekani: maswali 315 kwa dakika 97. Matokeo yalipelekwa shuleni na vyuoni. Watahiniwa wenyewe hawakuonyeshwa.

Bodi ya mtihani huo ilikuwapo tangu 1900, iliyoundwa kwa sababu kila chuo kilikuwa kikitunga mtihani wake. SAT ilibuniwa na Carl Brigham wa Princeton, mwanasaikolojia aliyeshiriki kupima akili za askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1923 aliandika kitabu kilichodai kwamba kuna mataifa yenye akili kuliko mengine. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo. Mtihani ukabaki.

Aliyeupa nguvu ni James Conant, rais wa Harvard kuanzia 1933, aliyetaka ufadhili uwafikie vijana wenye vipaji kutoka mbali, si watoto wa matajiri wa mashariki pekee. Kijana wa kijijini hakuwa na mtu wa kumtaja Harvard. Alama zake ziliweza kumtangulia kwa posta.

Lakini hadi 1958 kijana huyo hakuwa na haki ya kuziona. Msomaji wa Tanzania aliyezoea matokeo ya NECTA kutangazwa hadharani atashangaa, na ana haki ya kushangaa.

Tangu hapo mamlaka yakahamia kwa mwombaji kidogo kidogo. Mwaka 1969 chuo cha Bowdoin, jimboni Maine, kiliacha kudai alama. Mwaka 2009 Bodi ikamruhusu aliyerudia mtihani achague matokeo ya kutuma. Korona ilipofunga vituo vya mitihani mwaka 2020, vyuo vingi vikafanya kutuma kuwe hiari.

Hiari hiyo ilileta jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Chuo cha Dartmouth kilipochunguza maombi yake, kilikuta waombaji wa familia maskini wakificha alama ambazo zingewasaidia. Walijilinganisha na wastani wa waliokwisha kupokelewa, wasijue kwamba chuo hupima alama za mtu kwa kuangalia shule aliyotoka. Februari 2024 Dartmouth ikarudisha sharti. Yale, Brown na Harvard zikafuata mwaka huohuo. MIT ilikuwa imetangulia mwaka 2022. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California, kwa upande wake, hautazami alama hizo kabisa katika kuchagua wanafunzi, hata ukizituma.

Wewe unayeomba kutoka Dar es Salaam au Nairobi, unaweza kutaja vyuo vinne vya kupelekewa alama bila malipo, mwisho siku tisa baada ya mtihani. Ukichelewa, utalipa ada kwa kila chuo. Vyuo vingi pia hukubali uziandike mwenyewe kwenye fomu, kisha hudai nakala rasmi baada ya kukupokea. Soma masharti ya kila chuo kabla hujalipa.