Psql kwa ordinatere ya zamani: namna ya kuijenga kutoka msimbo wake

Katika ofisi mingi za Bunia, ordinatere ya mezani ni ile iliyonunuliwa mkono wa pili, na inaendelea kutumika paka siku itakapokataa kuwaka. Mara mingi ndani yake iko Ubuntu ya zamani, sawa 16.04 ya mwaka 2016. Inaandika barua, inafungua jedwali, inachapisha karatasi. Shida inaanza siku seva ya shirika, ya shule kubwa ao ya hospitali inapobadilishwa na kuwekewa PostgreSQL mpya. Ordinatere inabisha hodi, seva inakataa kufungua. Kwenye skrini linatokea neno fupi: "authentication method 10 not supported". Mtu anaandika tena neno la siri, anaandika tena, mwisho anafikiri amelisahau. Hakulisahau. Programu yake tu ndiyo imezeeka.

PostgreSQL ni programu ya kutunza hifadhidata, ile ambayo mafundi wa hapa wanaita base de données. Ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1986 chini ya profesa Michael Stonebraker, na jina la PostgreSQL ilipewa mwaka 1996. Haiuzwi, kila mtu anaruhusiwa kuichukua na msimbo wake wote. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Kongo, unalala juu yake. Lakini tusichanganye mambo: muuguzi anayeingiza ripoti ya mwezi katika DHIS2 anapitia burauza tu, hana lazima ya yote yanayofuata hapa. Yanamhusu yule anayechunga seva, ao yule anayetakiwa kutoa nakala ya data kila juma.

Seva ni sawa depo: mali yote iko kule. Programu ya upande wa mteja ni yule anayekwenda depo na karatasi ya kuomba. Katika PostgreSQL wateja wanaojulikana zaidi ni psql, ya kuuliza na kuandika, na pg_dump, ya kutoa nakala nzima. Zote mbili zinapitia maktaba moja inayoitwa libpq, na ndiyo inayozungumza na seva. Ubuntu 16.04 ilikuja na toleo la 9.5. Tangu toleo la 10, mwaka 2017, PostgreSQL ina njia mpya ya kuhakikisha neno la siri, inaitwa SCRAM, na tangu toleo la 14 njia hiyo ndiyo ya kawaida. Libpq ya 9.5 haiijui. Hata pale mlango unapofunguka, pg_dump ina sheria yake kali: inakataa kutoa nakala ya seva yenye toleo kubwa kuliko lake. Kinyume chake inawezekana, pg_dump mpya inasoma seva ya zamani bila neno.

Hapo ndipo jambo linakuwa zito. Hapa Ituri nakala iliyo mahali pengine si mapambo. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde ilishambuliwa na kuporwa, na sehemu ya kazi yake ikahamia Bunia. Tangu wakati ule watu wa jimbo hili wamekimbia mara ngapi? Ofisi ambayo pg_dump yake imekataa kwa miezi sita, na hakuna aliyesoma ujumbe wa kosa, inafikiri ina nakala na kumbe haina.

Kama konekso ni nzuri na Ubuntu ni ya karibuni, hakuna sababu ya kujitesa: paketi ya postgresql-client inawekwa kwa apt na kazi imekwisha. Kujenga mwenyewe kunafaa pale mashini ni ya bit 32, ambazo Ubuntu iliziacha baada ya 18.04, ao pale mfumo ni wa zamani na hauwezi kubadilishwa kwa sababu programu nyingine ya ofisi inautegemea. Yule anayesema "weka mfumo mpya tu" mara mingi siye atakayeiweka tena ile programu ya mishahara.

Kabla ya kupakua chochote, muulize anayechunga seva ni toleo gani. Kama ni 16 ao chini, chukua tawi la 16, namba yake ya mwisho. Lilitoka Septemba 2023 na linatengenezwa paka Novemba 2028. Tena linavumilia mashini za zamani: linakubali OpenSSL ya Ubuntu 16.04, wakati toleo la 18 linadai 1.1.1 kwenda juu. Na tangu toleo la 17 kifurushi hakiji tena na faili fulani zilizokwisha kutayarishwa, kwa hiyo lazima uwe na Bison, Flex na Perl kwanza. Ukinunua mega kwa bei ya hapa, hayo si madogo.

Kifurushi cha msimbo kinapatikana kwenye tovuti ya postgresql.org, hakifiki mega 30 kikiwa cha bz2. Pakua na ile faili ndogo ya sha256 iliyo pembeni yake. Unaweza kuvipakua kwa simu ao pahali penye konekso nzuri na kuvileta kwa flashi, na hapo ile faili ndogo inaonyesha faida yake:

sha256sum -c postgresql-16*.sha256

Likikosa kusema sawa, kifurushi kimeharibika njiani, usiendelee nacho. Mashini inahitaji pia vyombo vya kujengea: build-essential, libreadline-dev, zlib1g-dev, libssl-dev na gettext. Readline si lazima kabisa, lakini bila yake psql haikumbuki ulichoandika dakika moja nyuma, na hilo linachosha haraka. Kisha:

tar xf postgresql-16*.tar.bz2
cd postgresql-16*/
./configure --prefix=$HOME/pgsql --with-openssl --without-icu --enable-nls=fr

Kila neno hapo lina kazi yake. Prefix inaweka kila kitu katika folda ya mtumiaji mwenyewe, kwa hiyo hakuna lazima ya kuwa mkubwa wa mashini, na ile 9.5 ya zamani haiguswi. ICU ni ya kupanga maneno upande wa seva, mteja haihitaji. NLS inaleta ujumbe wa Kifaransa, lugha ambayo mashini mingi za Bunia zimewekwa. Lakini neno la kutosahau ni OpenSSL. Ukilisahau, programu itajengeka vizuri kabisa, haitalalamika, na siku ya kuunganisha bila kutaja sharti la usiri itapita njia ya wazi kama seva inaikubali. Yaani majina ya wagonjwa yanatembea kwenye intaneti sawa barua bila bahasha.

Configure ikikosa maktaba inasimama na kuitaja kwa jina. Mara mingi kinachokosa ni paketi yenye "-dev" mwishoni, si programu yenyewe. Ikipita, fuatisha:

make
make -C src/bin install
make -C src/include install
make -C src/interfaces install

Mistari mitatu ya mwisho inaweka upande wa mteja tu, seva haiwekwi. Amri ya make kwenye mashini ya zamani inachukua muda, mtu anaweza kwenda kula na kurudi.

Na kuran ikikatika katikati? Kwa kawaida si msiba. Make inalinganisha saa za faili: iliyokwisha jengwa inairuka, inaendelea na iliyobaki. Andika make tena tu. Lakini iko mitego miwili ambayo vitabu vya Ulaya havitaji sana. Wa kwanza: faili iliyokuwa inaandikwa wakati ule ule inaweza kubaki tupu ao nusu, na make inaiona sawa imekwisha. Mwishoni inasema haitambui faili fulani ya ".o". Ifute hiyo faili, ao andika make clean na kuanza upya. Wa pili ni betri ndogo ya duara iliyo juu ya kadi mama. Ikikufa, kila kuran inapokatika saa ya mashini inarudi miaka nyuma. Faili za jana zinaonekana ni za kesho, na make inaonya: "Clock skew detected". Wengi wanaupuuza ujumbe huo. Usiupuuze, rekebisha saa kwa amri ya date, fanya make clean, halafu badilisha betri yenyewe. Saa mbaya inaharibu pia uhakiki wa cheti cha seva, kwa sababu cheti kinaonekana hakijaanza kutumika.

Ikiisha, terminali bado itaita psql ya zamani. Ongeza mstari huu mwisho wa faili ya .bashrc, fungua terminali mpya:

export PATH=$HOME/pgsql/bin:$PATH

Andika psql --version. Ikijibu 16, jaribu seva, ukiweka anwani na majina yako:

psql "host=ANWANI dbname=JINA user=MTU sslmode=require"

Require inaficha maneno njiani, lakini haihakikishi kwamba aliye upande wa pili ni seva yenyewe. Kwa hilo omba cheti cha mkubwa kwa anayechunga seva na utumie verify-full. Ukiingia, \dt inaonyesha meza zilizomo na \q inakutoa.

Kisha ile kazi iliyoleta shida yote:

pg_dump -Fc -f nakala.dump "host=ANWANI dbname=JINA user=MTU sslmode=require"
pg_restore -l nakala.dump

Amri ya pili inasoma orodha ya vilivyomo bila kugusa seva. Orodha ikitoka, faili inasomeka, lakini uhakika kamili unapatikana paka kwa kuirudisha kwenye hifadhidata ya majaribio. Nakala yenye habari za wagonjwa ifungwe kwa neno la siri kabla ya kuwekwa kwenye flashi, maana flashi ndiyo kitu cha kwanza kupotea mfukoni. Folda ya msimbo nayo usiifute bado: tawi la 16 linapotoa namba mpya ya kurekebisha makosa, mstari wa configure uliotumika unabaki ndani ya faili ya config.log, juu kabisa.