Ngoma Ilichezwa Kwetu, Ikatunzwa Ugenini

Juma hili naomba tuzungumze habari ya meno, jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka usiku wa manane tu, jino linapouma.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huko Marekani madaktari bingwa wa kupanga meno, wale wanaonyoosha meno yaliyopinda, wanayo tuzo yao kubwa iitwayo ya Albert Ketcham. Ilianza kutolewa mwaka 1937, na hupewa bingwa aliyeiinua taaluma yake kwa utafiti na utumishi. Ni jambo jema. Ila leo nataka kueleza ngoma iliyochezwa hapa kwetu, na wengi wetu hatukuisikia.

Nianze na kinywa changu. Nikiwa na umri wa miaka saba hivi, katikati ya miaka ya 80, gego langu la utotoni lilioza. Bariadi wakati ule ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Baba alinipakia nyuma ya baiskeli mpaka kwenye zahanati moja ambayo sina haja ya kuitaja. Hatukuulizwa mengi. Sindano ya ganzi, koleo, kipande cha pamba cha kuuma, kwisha kazi. Nilirudi nyumbani nimelala juu ya mgongo wa baba, damu mdomoni, nikidhani shida imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Jino la utotoni, ndugu msikilizaji, ni mlinzi wa kiwanja cha jino la ukubwani. Mlinzi akiondolewa mapema, majirani huegemea pengo, na mwenye kiwanja anapofika hukuta pameshavamiwa. La kwangu liliota pembeni, na pembeni liko mpaka leo.

Wala siko peke yangu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Dk. Matilda Mtaya na wenzake waliwapima wanafunzi 1,601 wa shule za msingi za Dar es Salaam, wakakuta asilimia 63.8 wana walau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Sababu ziko nyingi, na nyingine ni za kurithi. Lakini hii ya kung'oa mapema inazuilika.

Sasa sikilizeni ajabu yenyewe. Miaka ile ile niliyong'olewa jino, dawa ya kunusuru jino kama langu ilikuwa inatafutwa ndani ya nchi hii hii. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalikuwa yameanza Muhimbili mwaka 1979. Miongoni mwa walimu wa chuo kile alikuwamo Mholanzi, Jo Frencken. Yeye na wenzake walikabiliwa na swali la Kitanzania hasa: mashine ya kuchimba jino inataka umeme na maji ya bomba, je, mwanakijiji asiye na umeme wala bomba aendelee kung'olewa tu?

Jibu lao lilikuwa jepesi hata likashangaza. Waliiweka mashine kando, wakashika vifaa vya mkono. Sehemu iliyooza ya jino ni laini, hukwanguliwa kwa kifaa kidogo chenye ncha kama kijiko; sehemu nzima huachwa. Kisha tundu huzibwa kwa saruji ya meno. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Baadaye ilitumika saruji iitwayo ayonoma ya kioo, ambayo hujishika yenyewe kwenye jino na kutoa madini ya floraidi yanayolikinga. Kazi yote yaweza kufanyika juu ya meza ya darasani, mtoto amelala chali, daktari ameketi kichwani pake.

Mwaka 1991 njia hiyo ilianza kujaribiwa vijijini Thailand, kisha Zimbabwe. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Na mwaka 2021 shirika hilo likaiingiza saruji ile katika orodha yake ya dawa muhimu. Ngoma ilianzia Dar es Salaam, ikatunzwa ugenini.

Simlaumu mganga aliyening'oa. Alikuwa na koleo, na mwenye koleo hung'oa. Ninachouliza ni kwa nini elimu iliyozaliwa kwetu ifike Thailand kabla ya kufika Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Mtafiti akivishwa nishani ukumbini tunapiga makofi, na anastahili. Lakini heshima iliyo kubwa kuliko nishani ni mtoto wa mkulima wa pamba kurudi nyumbani na jino lake kinywani.

Basi mzazi, mwanao akilalamika jino, usisubiri lioze mpaka kwenye mzizi. Mpeleke mapema, na kabla koleo halijashikwa uliza swali moja kwa adabu: "Daktari, hili haliwezi kuzibwa?" Mimi baba yangu hakujua kwamba swali hilo lipo. Wewe sasa unajua.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.