Kalehe: Namna ya kukausha nyumba mpya ya mbao

Ku Kalehe, kandokando ya ziwa Kivu, wakaaji wengi wanajenga na mbao za mikaratusi. Baada ya mafuriko ya tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, yaliyoua zaidi ya watu 400 ku Bushushu na Nyamukubi, familia nyingi zilibaki bila nyumba. Mtu asiye na fasi ya kulala hangojee mbao zikauke. Mara nyingi mti unapasuliwa, unapigiliwa misumari, na watu wanaingia mwezi ule ule.

Maji yanatoka wapi?

Mbao iliyopasuliwa leo ingali na maji mengi ndani. Ikianza kukauka inapunguka, inajipinda na kupasuka. Misumari inalegea, upepo unapita katikati. Ikifungiwa bila hewa, inashika ukungu, kisha inaoza. Maji mengine yanapanda toka udongoni, ao yanatoka kwenye sima na udongo wa kukandika ambavyo havijakauka. Tena usiku wa baridi, pumzi ya watu na mvuke wa chungu vinageuka matone chini ya mabati.

Namna ya kukausha

Kazi inaanza mbele ya kujenga. Mbao zipangwe kwenye kivuli, juu ya mawe, na vijiti katikati ya kila safu ili upepo upite. Jua kali si dawa: mkaratusi ukikauka mbio unapasuka.

Nyumba ikisimama, nguzo zikae juu ya msingi wa mawe, si ndani ya udongo. Mabati yatoke inje ya ukuta ili mvua isiupige, na matundu ya hewa yaachwe chini ya paa pande mbili. Milango na madirisha yafunguliwe kila siku mvua isiponyesha. Rangi, dari na shitingi ya ndani vingoje: vikiwekwa mapema vinafungia maji ndani ya mbao. Mbao zikisha kukauka, misumari iliyolegea ipigwe tena.

Wakati mzuri ni kipwa, toka mwezi wa 6 mpaka wa 8. Huko juu Numbi, kwenye baridi na ukungu, inaomba muda zaidi.

Namna ya kupima

Kata kipande katikati ya mbao, si kwenye ncha, juu ncha inakauka mbele. Kipime kwa mizani ya duka, kisha kikaushe karibu na moto, bila kukiunguza, mpaka uzito usipunguke tena. Kikitoka gramu 700 na kubaki 500, maji yalikuwa gramu 200, ni kusema 40 kwa mia ya uzito mkavu. Chini ya 20 kwa mia, mbao haiozi kwa urahisi.

Hatari ya mbabula

Wengine wanawasha mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa ili ikauke mbio. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Pasipo fasi ya mvuke kutokea, nyumba yenyewe haikauke.

Familia iliyolazimika kuingia mapema ipikie inje, isogeze vitanda mbali na ukuta, na iache matundu ya hewa wazi hata usiku. Baridi itaingia kidogo, lakini maji nayo yatatoka.