Mtu Katikati ya Ulimwengu

Watu wengi hushika fikira ya kuwa ulimwengu uko kwa ajili ya mtu: ardhi, maji, miti na wanyama vyote vina thamani kwa kadiri vimfaavyo yeye. Wengine huitegemeza fikira hii juu ya kitabu cha Mwanzo, mahali mtu alipopewa kuwatawala viumbe. Katika mwaka wa 1967 mwalimu wa historia wa Marekani, Lynn White, aliandika ya kuwa imani hiyo ndiyo iliyowatia watu wa magharibi ujasiri wa kuiharibu dunia. Je, ni kweli? Na tuitazame habari iliyo karibu nasi.

Karibu na mji wa Same, chini ya milima ya Upare, iko nyika ya Mkomazi, ifikayo mpaka wa Kenya. Mwaka wa 1951 Serikali ya Kiingereza iliifanya pori la akiba la wanyama. Waparakuyo wachache waliruhusiwa kukaa upande wa mashariki na ng'ombe zao. Baadaye wafugaji wakaongezeka. Nao majangili wakawaua tembo na kuwamaliza faru kwa ajili ya pembe. Mwaka wa 1988 Serikali ya Tanzania iliwatoa wafugaji. Baadhi yao walikwenda mahakamani, lakini mwaka wa 1999 Mahakama ya Rufani ilikataa ombi lao la kurudi. Faru weusi walianza kuletwa kutoka Afrika Kusini mwaka wa 1997, na mwaka wa 2008 Mkomazi ikawa Hifadhi ya Taifa.

Asikiaye habari hii aweza kusema, "Hapa mnyama amewekwa mbele ya mtu." Sivyo. Faru hakuchora mpaka, wala swala hakuandika sheria. Watu ndio walioamua, na watu ndio wapatao fedha za wageni na furaha ya kutazama. Mtu alibaki katikati vilevile, ila mchungaji hakuwa yeye. Basi kila tusikiapo ya kuwa jambo fulani ni kwa faida ya mtu, imetupasa kuuliza: mtu yupi?

Wazee wa Upare nao walimweka mtu katikati, lakini kwa namna nyingine. Walichimba ndiva, mabwawa ya kukusanya maji ya kijito usiku, ili yafunguliwe mchana na kwenda mashambani kwa mifereji. Hata leo, kama huko Bangalala, maji hugawanywa kwa zamu, na wayatumiao hushirikiana kuusafisha mfereji. Tena misitu ya ukoo, iitwayo mpungi, ilikatazwa kukatwa ovyo. Maji yalikuwa ya kumfaa mtu, ndiyo. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuyachukua yote.

Naona White alisema nusu ya jambo. Kitabu kile kile chatueleza ya kuwa mtu aliwekwa bustanini ili aitunze. Mtunzaji yuko katikati kama mwenye zamu kwenye ndiva: mkononi mwake mna maji ya walio chini ya mfereji. Akiyazuia, shamba lake litastawi, na la jirani litakauka. Na tuwafundishe watoto wetu kwamba kutawala ni kukumbuka zamu ya mwenzako.